Saba nukta nne

Mashine ya kupimia sukari ilisoma 8.9. Nikachukua kalamu, nikaandika 7.4.

Ilikuwa usiku, wiki ya 31 ya ujauzito wangu, saa moja kamili baada ya kumaliza kula. Kidole cha pete kilikuwa bado kinatoa damu kidogo, nikakibana kwa karatasi laini. Mume wangu alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Niliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote, nikafunga daftari.

Wala sikuibahatisha ile namba. Kikomo nilichopewa kliniki kilikuwa 7.8, saa moja baada ya kula. Ningeandika 7.7 ingeonekana imegusa ukingo. Ningeandika 6.2 ingekuwa nzuri mno kwa mtu ambaye wiki nzima sukari yake ilikuwa inazunguka kwenye saba. Saba nukta nne ilikaa vizuri. Ilifanana na kweli.

Mtoto akajigeuza tumboni.

Sasa mtoto huyo ana wiki saba. Naamka saa nane usiku kumnyonyesha, nyumba imenyamaza, na kinachonijia kichwani mara kwa mara ni usiku ule na kalamu ile. Uchungu wa kuzaa nimeshaanza kuusahau. Hili halijaondoka, na nimeona niliandike.

## Maji matamu

Wengi mnaosoma hapa mmeshapitia kile kipimo cha sukari cha wajawazito, sitakisimulia chote. Unalala bila kula, asubuhi unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji, kisha unakaa kitako saa mbili. Unatolewa damu tena baada ya saa 1, na tena baada ya saa 2. Mimi nilikuwa wiki ya 27. Nakumbuka utamu uliogoma kushuka kooni, na mama mmoja pembeni yangu aliyekuwa anasali kimyakimya asitapike, maana ukitapika unarudia siku nyingine.

Majibu yangu, kwa milimoli za sukari kwa lita ya damu, yalikuwa 5.3, halafu 9.1, halafu 7.2. Mipaka yao ilikuwa 5.1, 10.0 na 8.5.

Mbili za mwisho nilipita. Ya kwanza ilizidi kwa nukta mbili, na ikizidi namba moja tu kati ya tatu inatosha.

Niliambiwa nina kisukari cha ujauzito, nikapewa mashine ya kupimia, daftari, na maelekezo ya kupima mara nne kwa siku: kabla ya kifungua kinywa, na saa moja baada ya kila mlo. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshajishitaki, nimejihukumu, na adhabu nimejipangia. Nilihesabu kila soda niliyokunywa tangu mwezi wa pili. Nilikumbuka kipande cha keki cha kazini ambacho hata sikukimaliza.

Watu wakanisaidia kujishitaki. Shangazi yangu, ambaye ananipenda, alisema, "Mwanangu, nawe ulikuwa unapenda sana vitamu." Rafiki yangu akasema yeye alijiangalia sana ndiyo maana hakupata. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipotoboa kidole nilihisi nasubiri matokeo ya mtihani, na somo lenyewe ni kama mimi ni mama mzuri au la.

Nikaanza kula kidogo. Kidogo sana. Nilitoa karibu wanga wote kwenye sahani, namba zikashuka, nikafurahi kwa siku nne. Siku ya tano nilisimama kutoka kitandani nikaona giza. Mkunga aliponipima uzito akaniuliza moja kwa moja kama najinyima. Akanieleza kwamba mtoto anaishi kwa glukosi, na kwamba mjamzito anayejinyima anaanza kuchoma mafuta ya mwili na kujaza damu yake ketoni, yaani mabaki ya mafuta yaliyochomwa, jambo ambalo hakuna anayelitaka. Wanga urudi, akasema, ila ugawanywe: kidogo kila mlo, usiokobolewa, na uliwe baada ya mboga na protini, siyo kabla. Na nikimaliza kula nitembee hata dakika 15, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Nilifuata yote. Kwa wiki mbili hivi nilikuwa mwanafunzi bora.

## Kondo la nyuma

Jambo ambalo natamani ningeambiwa siku ya kwanza, kabla hata ya kupewa mashine, ni hili.

Kuanzia katikati ya ujauzito kondo la nyuma linatoa homoni nyingi kwenye damu ya mama. Ipo laktojeni ya kondo, ipo projesteroni, na kotisoli ya mama nayo inapanda. Kazi yao mojawapo ni kuufanya mwili wa mama uwe mzito kuisikia insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu. Maana yake ipo: mama akichelewa kuitumia sukari yake, inabaki kwenye damu muda mrefu zaidi, na mtoto anapata fungu lake. Ili mambo yasiharibike, kongosho la mama linatakiwa liongeze insulini, hata mara mbili au tatu ya kawaida kadiri siku zinavyokaribia. Kwa wanawake wengi kongosho linaweza.

Langu halikufika.

Mama yangu mzazi ana kisukari, mimi nina miaka 36, na nilianza ujauzito nikiwa na uzito wa juu kidogo. Vyote hivyo vinaongeza uwezekano. Wapo wanaoupata ugonjwa huu bila hata kimoja, na wapo wenye vyote wasioupata. Nilipoelewa hivyo, keki ya kazini ikaacha kunisumbua.

Lakini maarifa hayohayo yakaleta hofu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Sukari ya mama inavuka kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo damu yangu ikiwa na sukari nyingi, anayelazimika kuishughulikia ni mtoto, kwa kongosho lake mwenyewe. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, aliueleza mnyororo huo miaka ya 1950: sukari ya mama inapanda, mtoto anatoa insulini ya ziada, na insulini hiyo inamkuza na kumnenepesha, hasa tumboni na mabegani. Ndiyo sababu wakunga wanaogopa mabega kukwama wakati wa kuzaa. Na akishazaliwa, sukari ya mama imekatika ghafla na kitovu, lakini insulini yake bado iko juu, hivyo sukari yake inaweza kushuka vibaya saa za mwanzo.

Usiku niliosoma habari hiyo sikulala. Niliweka mkono tumboni nikawaza kongosho dogo kama nini, ambalo halijawahi kuona mwanga wa jua, linahangaika na chakula changu cha usiku.

Ungedhani mtu mwenye mawazo hayo ndiye angekuwa mkweli kuliko wote kwenye daftari.

## Nukta mbili

Kabla sijafika kwenye uongo, nilipitia kwanza ubishi.

Nukta mbili ni nini? Nikaanza kutafuta mstari ule wa 5.1 ulitoka wapi. Nilitaka, nikiri wazi, nikute umechorwa ovyo, nipate ruhusa ya kuupuuza.

Mipaka ya kwanza iliyotumika sana ilitoka Boston mwaka 1964, kazi ya John O'Sullivan na Claire Mahan, waliochukua vipimo vya wajawazito 752. Cha ajabu, mipaka ile haikuwekwa kwa ajili ya mtoto hata kidogo. Ilitafuta ni mama gani atakuja kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Ikatumika hivyo kwa miongo. Kisha ukaja utafiti mkubwa uitwao HAPO, uliochapishwa mwaka 2008, wa wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Majibu yao ya sukari yalifichwa kwao na kwa madaktari wao, isipokuwa yaliyozidi mno, ili ionekane sukari ya viwango vya kawaida na vya katikati inafanya nini.

Nilichokuta hapo kiliniondolea ubishi, ingawa nilikuwa nimekwenda kuutafutia nguvu. Hapakuwa na ukingo. Kadiri sukari ya mama ilivyopanda, hata kidogo, ndivyo watoto wakubwa kupita kiasi walivyoongezeka, na kuzaa kwa upasuaji kwa mara ya kwanza nako kukaongezeka, taratibu, kama mlima usio na ngazi. Wataalamu walilazimika kukubaliana wenyewe, mwaka 2010, pa kuchora mstari kwenye mteremko huo. Shirika la Afya Duniani likaufuata mwaka 2013. Uingereza wakachora pao: 5.6 kabla ya kunywa, 7.8 baada ya saa 2. Kwa majibu yangu yaleyale, huko ningeambiwa sina kitu, nirudi nyumbani.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Mtu mmoja, damu moja, mgonjwa hapa na mzima kule.

Ingewezekana nikatoka pale na neno "kumbe". Kumbe ni makubaliano tu. Lakini mteremko unabaki mteremko popote utakapochora mstari. Na upo utafiti mwingine, wa Australia, uliochapishwa 2005, uliowagawa wanawake 1,000 wenye kisukari cha ujauzito kisicho kikali: nusu wakapewa ushauri wa chakula, kupima, na insulini pale ilipohitajika, nusu wakaendelea na kliniki ya kawaida. Madhara makubwa kwa mtoto, kama kufariki, kukwama mabega, kuvunjika mfupa au kuumia neva, yaliwapata asilimia 1 ya watoto wa waliotibiwa na asilimia 4 ya watoto wa wasiotibiwa. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Nikaenda kupima sukari.

## Chungwa

Hapa kuna kisa kidogo, na nakiweka kwa ajili ya yeyote anayepima peke yake nyumbani.

Mchana mmoja mashine ilisoma 11.8. Moyo ulinienda mbio mpaka nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimekula vizuri, nimetembea. Nikampigia mume wangu simu nikilia, yeye akaniuliza swali moja tu: "Umenawa mikono?"

Nilikuwa nimetoka kumenyea mtoto wa jirani chungwa. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikatoboa kidole kingine, pembeni ya ncha ambako hakuumi sana. 6.4.

Pangusa tone la kwanza, pima la pili. Nawa kwa maji, usitegemee kufuta kwa nguo.

Kisa hicho kiliniumiza kwa njia ambayo sikuitambua mapema. Kilinifundisha kwamba mashine inaweza kukosea. Siku nane baadaye, iliposoma 8.9, nilikuwa nimenawa. Nilijua nimenawa. Na bado nikajiambia: labda nayo ni kama ile ya chungwa.

## Nipe na mashine

Baada ya ile 7.4 zilifuata nyingine nne. 8.3 ikawa 7.5. 8.6 ikawa 7.2. Ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na ya tano niliandika hata kidole hakijakauka.

Nilikuwa naogopa nini? Nimejiuliza sana, na jibu limekuja vipande vipande. Niliogopa sindano ya insulini, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba ukishaianza huachi tena. Niliogopa kupangiwa kuzaa kwa upasuaji. Lakini zaidi nadhani niliogopa uso wa mkunga. Alikuwa amenisifia kliniki iliyopita, mbele ya wenzangu, kwamba daftari langu ni safi. Mtu akishasifiwa hivyo, namba mbaya inakuwa kama kumwangusha.

Wiki ya 33 nilimpa daftari. Akalipitia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe na mashine, mama."

Sikujua kama mashine inatunza kumbukumbu. Akabonyeza kitufe pembeni, akaanza kurudi nyuma siku moja moja, kidole kimoja kwenye kioo na kingine kwenye daftari. Kikasimama.

"Hapa umeandika 7.4."

"Nilikosea kuandika." Akaningoja. Hakusema kitu. "Hapana, dada. Nilidanganya."

Nilisubiri anigombeze. Aliuliza, "Ziko ngapi?" Nikasema tano. Akanipa kalamu yake nyekundu. Yeye alisoma kwenye mashine, mimi nikafuta na kuandika pembeni, moja baada ya nyingine, mikono ikitetemeka. Tulipomaliza akaligeuza daftari upande wangu.

"Angalia mwenyewe. Unaona nini?"

Zote tano zilikuwa za usiku.

Asubuhi zangu nazo, ambazo sikuwahi kuzigusa, zilikuwa zimeanza kupanda: 5.4, 5.5, 5.6. Alfajiri mwili humwaga kotisoli na ini huachia sukari, kwa hiyo namba ya asubuhi ni ngumu kuishusha kwa chakula peke yake. Usiku na asubuhi vikiwekwa pamoja vilionyesha kitu kilicho wazi kabisa, na mimi nilikuwa nimekifukia nusu yake.

"Kwa daftari lako," alisema, "nisingebadilisha chochote. Ningekuambia endelea hivyohivyo."

Hajawahi kunisemesha kwa ukali, wala siku ile. Aliniambia wapo wengi wanaofanya hivyo. Akaongeza, kwa sauti ya chini kama anayemwambia mdogo wake, kwamba mficha uchi hazai. Msemo huo nimeusikia maisha yangu yote. Siku ile nilikuwa na tumbo la miezi minane.

## Haivuki

Nilianza sindano ndogo ya insulini kabla ya kulala, na chakula cha usiku tukakigawa: sehemu mapema, sehemu ndogo baadaye. Nilimuuliza mkunga mara mbili kama dawa itamdhuru mtoto. Jibu lake lilikuwa lilelile nililokuwa nalijua kutoka kwenye kusoma kwangu kote na sikuwahi kuliunganisha na mimi: insulini haivuki kondo, sukari ndiyo inayovuka.

Ndani ya siku kumi asubuhi zilirudi kwenye 4.9 na 5.0. Nilizoea sindano kuliko nilivyozoea kutoboa vidole.

Na namba mbaya ziliendelea kuja mara mojamoja. 8.1 siku niliyochoka sana. 8.4 nilipokuwa na mafua. Niliziandika. Sitasema ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza nilishika kalamu kwa muda mrefu.

## Kisigino

Alizaliwa wiki ya 39, kilo 3.4, kwa njia ya kawaida, mabega hayakukwama. Niliambiwa nimnyonyeshe mapema, ndani ya saa ya kwanza, ili sukari yake isishuke. Halafu nesi akaja na mashine ndogo kama yangu, akakishika kisigino chake, akakitoboa.

Katika ujauzito ule wote, pale ndipo nilipoelewa kupima ni nini. Mguu wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kidole changu cha shahada. Akalia, nesi akakamua tone, tukasubiri zile sekunde tano. Ikaja 2.9. "Yuko vizuri," nesi akasema, akaandika. Nilimwangalia akiandika. Saa chache baadaye ikawa 3.6.

Kondo lilipotoka, insulini ilisimamishwa siku hiyohiyo. Asubuhi yake nilipimwa kabla ya kula: 4.6.

## Kesho

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hatukirudii, kwa sababu kuna mtoto mchanga, usingizi haupo, na mwili unaonekana umepona. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kuzaa unatakiwa kunywa tena zile gramu 75. Mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito ana uwezekano mkubwa wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye maishani, mara 7 hadi 10 zaidi ya ambaye hakuupata. Kunyonyesha kunapunguza. Kutembea na kupunguza uzito kunapunguza. Kupima kila mwaka au kila baada ya miaka michache hakupunguzi chochote, lakini kunakuwahisha. Kwa hiyo swali la wale wa Boston wa mwaka 1964, lililomhusu mama mwenyewe, limenirudia mimi.

Cha kwangu ni kesho saa moja asubuhi. Nimekula mara ya mwisho saa mbili usiku. Mume wangu atatusindikiza ili ambebe mtoto nikiwa kwenye benchi.

Daftari lipo hapa mezani. Ukurasa wa wiki ya 31 una mstari mwekundu juu ya 7.4 na pembeni yake 8.9, kwa mwandiko mbaya kwa sababu ya ule mtetemeko. Nimefungua ukurasa mpya, nimeandika tarehe ya kesho, na chini yake nimeacha nafasi mbili: kabla ya kunywa, na baada ya saa 2.